Asparagasi Mombasa: siri ni mashina mama

Maelekezo mengi ya kulima asparagasi, mboga inayoliwa machipukizi yake, yameandikwa kwa watu wa nchi za baridi: ngoja mmea ulale wakati wa baridi, kisha uvune wiki sita hadi nane, basi. Huku kwetu Kisauni baridi hiyo haiji. Mmea huchipua mwaka mzima, na ukikata kila kinachotokeza utaumaliza nguvu. Ndiyo maana nashikilia njia wanayotumia wakulima wa Thailand, ya kuacha mashina mama, yaani machipukizi machache yasiyokatwa ili yalishe mizizi.

Udongo wetu wa kichangamchanga unaifaa, kwa kuwa asparagasi haipendi kabisa maji yatuame kwenye mizizi. Chokaa ya matumbawe nayo haiidhuru. Hata maji ya kisima yenye chumvichumvi, yale yanayounguza maharagwe, huyastahimili ikishakomaa. Miche michanga ndiyo dhaifu, hiyo ipe maji matamu.

Loweka mbegu usiku kucha, uzipande kwenye viriba kina cha sentimita 2. Huota polepole, wiki mbili hadi tatu, kwa hiyo usikate tamaa ukazimwaga. Baada ya miezi mitatu hivi ihamishie kwenye jua la kutwa. Chimba mtaro wa sentimita 20, tandaza samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, panda kila sentimita 45, na urudishie udongo kidogo kidogo miche inavyorefuka. Chagua mahali hapo kwa makini, maana mmea huu hukaa miaka mingi na haupendi kuhamishwa. Mwaka wa kwanza usikate hata chipukizi moja. Najua inauma, lakini mizizi ndiyo ghala lake.

Sasa mashina mama. Mmea ukishanenepa, chagua machipukizi manne yaliyo manene, yaliyoachana, uyaache yarefuke na kufunguka majani membamba kama manyoya. Hayo ndiyo yanayolisha mizizi. Yafunge kwa kamba kwenye vigingi, kwani upepo wa kusi huyalaza. Kila chipukizi jipya linalotokea pembeni, likifika sentimita 20 na ncha yake bado imefumba, ni lako. Likate kwa kisu kikali usawa wa udongo, alfajiri. Kwa joto letu, la asubuhi huweza kuwa limeanza kufunguka jioni, na hapo limeshakuwa gumu.

Ukiona machipukizi yanatoka membamba kuliko penseli, acha kukata. Mashina mama nayo yakianza kuwa ya manjano, baada ya miezi miwili mitatu, acha mengine mapya manne yakue, ndipo uyaondoe ya zamani. Ongeza samadi, upumzishe shamba mwezi mzima.

Masika ndiyo majira ya kuwa macho. Madoa ya kahawia kwenye mashina ni ukungu. Kata yaliyougua uyachome, usiyatupe kwenye mboji, na umwagilie chini, si juu ya majani.

Mimea ya kike huzaa vijitunda vyekundu vinavyovutia watoto. Vina sumu, kwa hiyo vichume mapema. Na kama una nafasi ndogo, bakiza ile ya kiume, kwani haipotezi nguvu kwenye mbegu na huchipua zaidi.