Namna ya kuanza kukusanya sarafu za shaba za Warumi bila kuliwa hela

Wengi wakisikia sarafu ya Kaizari wa Roma wanajua hicho ni kitu cha makumbusho au cha matajiri tu, kumbe sarafu ya shaba ya miaka ya 330, yenye sura ya Kaizari Constantine mwenyewe na maandishi yanayosomeka, kwa muuzaji wa kueleweka unaipata kwa dola 15 au 20 hivi, kuna raba za mtumba zinauzwa zaidi ya hapo. Bei iko chini kwa sababu zilipigwa nyingi mno kulipa askari na kuendesha masoko, afu thamani yake ikawa inashuka kila baada ya miaka michache, watu wakazifukia kwenye vyungu na wengi hawakurudi kuzichukua, mpaka leo zinafukuliwa tu.

Sasa ushauri wangu kwa anayeanza ni huu: anza na karne ya 4, vile vidogo vya milimita 15 mpaka 20, nunua vichache ambavyo unaweza KUVISOMA. Utamu wote wa hii kitu uko kwenye kusoma. Ukiwa na vipande mia visivyosomeka huna mkusanyiko, una chuma chakavu.

Ngoja kwanza nikupitishe kwenye historia kidogo ili ukiona picha mtandaoni ujue unaangalia nini. Kaizari Augustus alipopanga upya pesa za himaya ya Roma, mnamo mwaka 23 KK hivi, za shaba zikawa za saizi kadhaa. Kubwa yao ni sestertius, hilo ni dude la gramu 25 hivi na upana wa milimita 30 na kitu, limetengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na zinki kwa hiyo likiwa jipya lilikuwa la njano linang'aa. Nusu yake inaitwa dupondius, robo yake as, na sestertius nne ndo denari moja ya fedha (ndiyo dinari ile ile ya kwenye Injili). Dupondius na as zinakaribiana saizi na baada ya karne nyingi ardhini rangi zote zinakuwa moja, ila kuanzia Kaizari Nero kuna msaada, mara nyingi kwenye dupondius Kaizari anavaa taji la miale na kwenye as anavaa shada la majani. Nyuma ya hizi shaba za zamani karibu kila mara utaona herufi S C, Senatus Consulto, yaani kwa azimio la Seneti.

Hizo sestertius ni nzuri sana sikatai, lakini ziliishi mifukoni mwa watu miaka mingi zikasagika, ikitokea nzuri inauzwa mamia ya dola, na ndizo watu wanazichonga upya kwa vifaa vidogo ili nywele na mikunjo ya nguo ionekane imekaa vizuri. Mgeni hawezi kuliona hilo. Ziache kwanza.

Karne ya 3 mambo yakaharibika. Kaizari Caracalla mwaka 215 alileta sarafu ya fedha ambayo wakusanyaji wanaiita antoninianus, kufika enzi za Gallienus na Claudius wa Pili, miaka ya 260, ile "fedha" imebaki chini ya asilimia 5, kilichobaki ni shaba tu. Lakini kwa mkusanyaji huo ni uwanja mzuri, Gallienus ana seti ya wanyama wa miungu mbalimbali, swala, kulungu, mbuzi, chui, mpaka farasi mwenye mabawa, na bei zake bado za kibinadamu. Diocletian akajaribu kurekebisha mwaka 294 hivi kwa sarafu kubwa ya gramu 10 yenye ngozi nyembamba ya fedha juu, tunaiita follis, nayo ikaanza kusinyaa, Constantine anafariki mwaka 337 sarafu ya kawaida haifiki hata gramu 2.

Haya, kusoma. Chukua mfano mmoja wa kawaida kabisa. Upande wa kichwa simamisha sura iwe wima, anza kusoma chini kushoto karibu na bega, panda juu uzunguke kama mshale wa saa. U inaandikwa V, nafasi kati ya maneno hakuna au zipo za kubahatisha, na kichwa cha Kaizari kinaweza kulikata neno katikati. Unasoma CONSTANTINVSMAXAVG. AVG ni cheo cha Augustus, yaani Kaizari kamili, MAX ni Maximus. Huyo ni Constantine mkubwa. Ingekuwa CONSTANTINVS IVN NOB C huyo ni mwanaye, IVN ni junior na NOB C ni Kaizari mdogo, mrithi. Sasa shida inakuja kwenye hii familia, majina yao yanafanana makusudi kabisa: Constantinus, Constantius, Constans, na sarafu ikiwa imekatika pembeni umebaki na CONSTA tu, basi hapo hesabu herufi unazoziona, angalia nafasi iliyobaki, angalia cheo, usikimbilie kusema ni baba mtu kisa yeye ndo maarufu. Wauzaji wengi wa mtandaoni wanafanya hivyo, kila CONSTANT... kwao ni Constantine Mkuu.

Geuza nyuma. Askari wawili wamesimama, katikati yao bendera za jeshi, maneno GLORIA EXERCITVS, utukufu wa jeshi. Hesabu bendera! Zikiwa mbili ni kati ya 330 na 335 hivi, ikiwa moja ni kuanzia 335 kuendelea, maana walipopunguza uzito wakabadilisha na picha. Ndo maana nasema nunua na mizani, ile ndogo ya kidijitali ya kupimia dhahabu inatosha, isome mpaka sehemu ya mia ya gramu.

Afu shuka chini kabisa, chini ya ule mstari waliosimamia askari, kuna herufi ndogo, wengi wanazipita na ndizo tamu kuliko zote. SMKA. SM ni Sacra Moneta, pesa takatifu ya Kaizari. K ni mji wa Cyzicus, uko Uturuki ya leo. A ni karakana ya kwanza kati ya karakana za mji huo, kwa hesabu ya herufi za Kigiriki, upande wa magharibi wanatumia P, S, T kwa Kilatini (ya kwanza, ya pili, ya tatu). Kwa hiyo unajua mpaka chumba ilimopigwa. ANT ni Antiokia, ALE ni Aleksandria ya Misri, TR ni Trier Ujerumani, SIS ni Siscia ambayo leo ni Sisak kule Kroatia, PLN au PLON ni London, na London walifunga karibu mwaka 325 kwa hiyo bei yake imechangamka. Mtego uko hapa: CONS ikifuatiwa na herufi moja kwa kawaida ni Constantinople, lakini PCONST au SCONST ni Arles ya Ufaransa, ule mji ulibadilishwa jina ukaitwa Constantina.

Ukishapata hayo matatu, jina, picha ya nyuma na mji, ingia OCRE, hifadhidata ya bure ya mtandaoni ya American Numismatic Society, chagua Kaizari, chagua mji, itakuletea namba ya RIC (Roman Imperial Coinage, orodha kuu ya sarafu za Kirumi), hiyo ndo namba ambayo mkusanyaji yeyote duniani ukimtajia anajua unaongelea nini. Sarafu ngumu isome kwa taa moja inayomulika kutoka ubavuni, chumba kiwe giza giza, vivuli vitakutolea herufi ambazo mchana huzioni.

Kununua. Tafuta wauzaji waliobobea wanaoandika uzito, upana na namba ya RIC na wanarudisha hela milele ikigundulika feki, hilo neno "milele" litafute kwenye masharti yao. Minada ni mizuri ila kumbuka juu ya bei ya nyundo, yaani ile uliyoshindia mnada, kuna kamisheni ya asilimia 20 hivi, weka na posta na ushuru wa forodha wa nchini kwako, sarafu ya dola 20 inafika imeshakuwa ya 45. Ndo maana ni heri kuchukua tano kwa mpigo kwa muuzaji mmoja. Mafungu ya sarafu chafu ambazo hazijasafishwa mi siyapendi hata kidogo, zilizo nzuri zilishachambuliwa kabla hazijakufikia, na nyingi zimetoka kwa wachimbaji wa usiku.

Feki zipo. Kwenye vidogo vya dola 15 ni chache kwa sababu hazilipi, kwenye kubwa zimejaa. Sarafu halisi ilipigwa kwa nyundo na mkono, kwa hiyo hakuna mbili zenye umbo la ukingo sawa sawa, ukikuta mbili zina ufa ule ule na mkwaruzo ule ule jua zimemiminwa kwenye kalibu. Angalia vitobo vya hewa, angalia mstari wa kuunganisha pembeni, angalia herufi zilizolegea kama sabuni. Hii kazi ni ya zamani pia, Giovanni da Cavino wa Padova karne ya 16 alitengeneza sestertius za kuigiza nzuri mpaka leo nazo zina wakusanyaji wake.

Sheria usiichukulie poa. Wale wanaokwenda Istanbul kufunga mzigo wakipita kwenye magofu watafuatwa na mtu ana "sarafu ya Kirumi" mkononi. Mara nyingi ni feki, na ikiwa halisi ni mbaya zaidi, kuitoa Uturuki ni kosa la jinai. Italia nayo kali. Omba risiti na maelezo ya ilikotoka, mkusanyiko wa zamani wenye karatasi za kabla ya 1970, mwaka wa mkataba wa UNESCO wa kuzuia biashara haramu ya mali za kale, unalipia zaidi na inastahili. Na hapo hapo, mtu akikuletea sarafu za Kilwa zilizookotwa magofuni, zile za shaba za masultani zenye maandishi ya vina mbele na nyuma, hizo usinunue, peleka habari makumbusho.

Ukishaipata USIISUGUE. Limao, siki, Coca-Cola, dawa ya meno, hapana. Ule ukoko laini wa kijani au kahawia ndo sura ya sarafu na ndo bei yake, na kwenye follis chini ya uchafu inaweza kuwa imebaki ile ngozi ya fedha. Ikibidi, loweka kwenye maji yaliyochujwa kwa mvuke, yale ya kuongezea betri ya gari (sio asidi yake jamani!), badilisha maji kila siku, sugua taratibu kwa kijiti cha meno. Adui mkubwa kwetu sisi wa Pwani ni unyevu. Kloridi iliyomo ndani ya shaba ikikutana na unyevu wa Dar au Mombasa inatoa unga wa kijani mpauko, ukifuta unarudi, na sarafu inaliwa mpaka inabaki tundu. Ikitokea tenga hiyo sarafu siku hiyo hiyo, iloweke wiki kadhaa kwenye maji yenye kemikali inayoitwa sodiamu seskwikaboneti, suuza, ikaushe kabisa, kisha ipake nta. Zilizobaki ziweke kwenye boksi linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kufyonza maji vinavyokuja na viatu, uvibadilishe vikichoka. Mifuko laini ya plastiki ya PVC inatoa ute unaokula shaba, tumia bahasha za karatasi isiyo na asidi. Juu ya bahasha andika jina, mji, namba ya RIC, uzito, ulinunua kwa nani, lini na bei gani, bei iandike hata kama hutaki mwenzi wako aione.