Somo: Kuhamia Kenya na pikipiki yako yenye kigari cha pembeni

Wadau, hili somo ni la wale wako majuu wanapanga kurudi home, ama umeoa au umeolewa Nairobi na unahamia kabisa, na una pikipiki ya saidikaa ambayo roho haikubali kuiacha. Inawezekana kuileta. Lakini kabla hujaongea na watu wa meli nenda uangalie kigari kiko upande gani, juu hiyo ndiyo itaamua mambo mengine yote.

Hatua ya kwanza, upande. Kenya tunaendesha kushoto, kwa hivyo kigari kinafaa kikae kushoto, upande wa ukingo wa barabara. Ukitoka Uingereza, Japani, India, Australia au Afrika Kusini kuna uwezekano mkubwa uko sawa tayari. Uingereza hata ni sheria, pikipiki iliyoanza kutumika huko kuanzia 1/8/1981 haikubaliwi kuwa na kigari kulia. Shida ni Ujerumani, Ufaransa, Marekani, huko vinafungwa kulia. Sasa jione uko mteremko wa Mai Mahiu nyuma ya trela, wewe umekaa kushoto huoni kitu, na ili uchungulie mbele lazima kwanza utoe kigari kwenye leni ya wanaokuja, na ndani ya kigari ni mtoto wako amekaa. Hata mkisimama anashukia katikati ya magari. Tafadhali usifanye hivyo.

Kuhamisha upande si kufungua bolti na kufunga. Mlango, madigadi, breki na fremu ya kigari vimeundwa kwa upande mmoja. Na kama ni pikipiki aina ya Ural, ile inayovuta kwa tairi ya nyuma na ya kigari pia, shafti inaenda kulia, hiyo kuihamisha ni kazi ya kuunda upya. Maoni yangu: uza hiyo, nunua ya kushoto hukohuko, na ufanye hivyo mapema sana. Mapema ni lini? Soma hatua ya pili.

Hatua ya pili, ushuru. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inampa mtu anayehamia, mwenye miaka 18 kwenda juu, msamaha wa gari moja, bora awe amelimiliki na kulitumia mwenyewe huko nje angalau miezi 12, na zile wiki za meli hazihesabiwi. Mkenya anayerudi awe ameishi nje miaka 2 au zaidi. Kwa hivyo ukibadilisha pikipiki miezi mitatu kabla ya kusafiri umejitoa kwenye msamaha. Pia kumbuka ni MOJA. Kama unaleta na gari la familia, piga hesabu vizuri, mara nyingi msamaha unafaa uende kwa gari halafu pikipiki uilipie ushuru, eksaizi na VAT ya 16%. Na kitu ulichosamehewa huwezi kukiuza baadaye bila kulipa ule ushuru kwanza.

Kuna watu watakushauri utume kigari kivyake kiandikwe "spea". Usikubali. Kwenye vitabu vya forodha kigari hata kikija peke yake kiko kifungu kilekile cha pikipiki, namba 87.11, kwa hivyo hakihesabiwi kama spea.

Hatua ya tatu, kufunga mzigo. Hapa chukua muda wako. Kabla hujafungua chochote pima mwelekeo wa tairi ya kigari na ulalo wa pikipiki, andika, piga picha kila mshikio, weka alama ya rangi kwenye kila klampu, utanishukuru ukiwa Nairobi na fundi ambaye hajawahi kuona hii kitu. Toa petroli, chomoa betri, osha matope yote. Kwa kontena la kushea unalipia nafasi, so toa usukani na tairi ya kigari kreti iwe ndogo. Mbao za kreti ziwe na muhuri wa ISPM 15, ule wa kimataifa unaoonyesha mbao zimetibiwa zisibebe wadudu. Nguo ukizijaza ndani ya kigari, ziandikwe kwenye orodha.

Hatua ya nne ni ya ajenti wako wa kuklia mzigo: mpe logibuku orijino, pasipoti, PIN ya KRA (mamlaka ya ushuru) na hati ya shehena, halafu ufuate usajili wa NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) na plate inayoanza na KM. Bima lipa kabla haijatoka getini.

Hatua ya tano, Nairobi iko karibu mita 1,795 juu ya bahari, kabureta iliyopangwa pwani itakunywa mafuta na kutoa moshi mweusi, badilisha jeti, kile kitundu cha kupitisha petroli ndani ya kabureta. Barabara zetu pia zinainamia ukingoni, kwa hivyo pikipiki ikivuta kushoto, ilaze kidogo kulia, mbali na kigari.

MASWALI

Swali: Mkuu, yangu ni ya 1978, itaingia?
Jibu: Buda, vyombo vilivyotumika vina kikomo cha miaka 8. Usilipe meli mpaka upate jibu la KEBS, shirika la viwango la Kenya, kwa maandishi.

Swali: Na mimi nakuja mwaka mmoja tu wa kazi?
Jibu: Dada, usiisajili hapa. Tafuta carnet, hati ya kuingiza chombo kwa muda bila kulipa ushuru, kwa chama cha magari cha nchi yako, inadumu mwaka mmoja, halafu pikipiki itoke nayo.

Swali: Nataka kufika Kigali nayo.
Jibu: Uganda ni kushoto kama sisi, Rwanda ni kulia, kigari kitakuwa upande mbaya kwa hivyo huko usiovateki kabisa. Beba Yellow Card ya COMESA, ile bima inayovuka mipaka.

Swali: Nimezoea nduthi ya kawaida, kuna tofauti?
Jibu: Kubwa sana. Hailali kwenye kona, unageuza usukani kwa nguvu. Ukipiga gesi inavuta upande wa kigari, ukishika breki inavuta upande mwingine. Kona ya kushoto ukiingia na mbio kigari kinainuka, so weka mfuko wa mchanga ndani na ufanye mazoezi kwenye uwanja mtupu kwanza, abiria baadaye, na yeye pia avae helmeti.