Kuomba kozi ya michezo na ukocha chuoni England: jasho la kwanza ni la makaratasi

Kama unaishi England na unataka kusoma michezo, mazoezi ya mwili au ukocha katika chuo cha kati, sahau UCAS, hiyo ni njia ya vyuo vikuu. Hapa unaomba moja kwa moja kwenye tovuti ya chuo. Fomu si ngumu kuliko ya kufungulia akaunti benki, kwa hiyo jaza, tuma, subiri kuitwa kwenye usaili. Scotland na Wales wana taratibu zao.

Chagua ngazi kwa kuangalia unakokwenda. Anayetaka kazi ya jimu huanza na Ngazi ya 2 ya ualimu wa jimu, kisha Ngazi ya 3 ya mkufunzi binafsi. Kijana wa miaka 16 hadi 18 mwenye nia ya chuo kikuu atafute BTEC (sifa ya masomo ya ufundi) ya michezo ya Ngazi ya 3, iliyo sawa na A-level, au inayofanana nayo. Na ajue mapema kwamba kuna misuli ya kukariri, lishe na insha. Wanaokuja wakidhani ni mpira kutwa nzima hugundua hilo wiki ya kwanza.

Sasa ada, na hapa ndipo pesa zinapopotea. Wa miaka 16 hadi 18 anayetimiza masharti ya ukaazi halipi. Wa miaka 19 hadi 23 ambaye hajawahi kumaliza kozi kamili ya Ngazi ya 3 naye husomeshwa bure, akitimiza masharti hayohayo. Kuanzia 24, kwa Ngazi ya 3, jiandae kulipa au kuomba mkopo wa wanafunzi watu wazima. Mkopo huo hauangalii mshahara wala historia ya madeni, ila una masharti yake ya hadhi ya ukaazi. Yasome kabla hujaahidi chochote.

Sharti kubwa ni hili: siku masomo yanapoanza, uwe umeishi nchini kihalali kwa miaka mitatu iliyotangulia, tena kwa kibali ambacho si cha kusoma tu. Aliyepewa hadhi ya ukimbizi hasubiri miaka hiyo.

Wenzangu wenye viza ya ndoa, tulieni hapa kidogo. Kwenye kibali chetu huwa kuna maneno kwamba huna haki ya kutumia fedha za umma. Karani wa mapokezi aliyasoma, akatikisa kichwa, akanichapia ankara ya ada kamili kwa tabasamu zuri kabisa. Nikalipa sehemu ili nafasi isiende. Kumbe kanuni za ufadhili zenyewe zinasema elimu haimo katika hizo "fedha za umma", na maneno hayo hayakuondolei sifa ya kufadhiliwa. Kinachoangaliwa ni aina ya kibali na ile miaka mitatu. Kulipa kulichukua dakika mbili. Kurudishiwa kulichukua muhula na barua pepe ambazo ukizichapisha zinatosha kufungia maandazi. Kwa hiyo usibishane na mapokezi. Omba kuonana na afisa wa ufadhili, na akikukatalia, mwombe aandike sababu. Wengi wakiambiwa waandike, hurudi kusoma kanuni.

Utadaiwa pia shea-kodi (share code), ile namba ya kuonyesha hadhi yako ya uhamiaji. Watakuambia "lete shea-kodi" basi, kana kwamba ipo moja. Inayoanza na W ni ya mwajiri, ya R ni ya mwenye nyumba. Chuo kinahitaji ya S, kwa hiyo unapoulizwa kwenye tovuti ya serikali unaitakia nini, chagua sababu nyingine, si kazi wala nyumba. Inadumu siku 90. Ukiitoa Mei, Septemba imeshakufa.

Cheti cha kidato cha nne hukuzwa au kupuuzwa kutegemea chuo. Ulizeni kwanza kabla ya kulipia ulinganisho wa UK ENIC, shirika linalolinganisha vyeti vya nje na vya Uingereza, maana vyuo vingi vitakupa mtihani wao wa Kiingereza na hesabu kwenye kompyuta hata kama ulipata A mbele ya mwalimu mwenye kiboko.

La mwisho ni DBS, ukaguzi wa rekodi za jinai, kwa sababu mazoezi ya ukocha hufanyika na watoto. Wanataka kila anwani ya miaka mitano, tarehe zishikane bila pengo, hata zile wiki ulizolala sebuleni kwa binamu. Anwani ya nyumbani nayo ina utata wake: "Majengo, nyuma ya msikiti" haina msimbo wa posta, basi andika mtaa, mji na nchi. Chuo kinaweza pia kukudai cheti cha polisi cha tabia njema kutoka nchi uliyotoka. Hicho kianze mapema kuliko vyote, kwani alama za vidole hazitumwi kwa WhatsApp.

Cheti cha DBS kikifika kwa posta, jiandikishe kwenye huduma ya kukihuisha (Update Service) ndani ya siku 30 tangu tarehe kilipotolewa. Ukichelewa, kila klabu utakayokwenda inaweza kukuanzisha upya, pamoja na zile wiki za sebuleni kwa binamu.