Kabla hujaomba MMed ya tiba ya dharura: anzia masjala, siyo Muhimbili

Kila mwaka dirisha la maombi ya MMed, yaani shahada ya udaktari bingwa, likikaribia kufunguliwa, simu yangu haitulii. "Kaka, nataka kuomba Emergency, nianzie wapi?" Nimewajibu mmoja mmoja mpaka nimechoka. Naandika mara moja, someni wote, na mkimaliza msinitumie tena swali la "vigezo ni vipi". Vigezo vipo kwenye tovuti ya chuo na hubadilika. Soma vya mwaka huu, usisome vya rafiki yako aliyeomba enzi zake.

Nawaandikia hasa madaktari walioajiriwa na halmashauri, kwa sababu ndiko nilikotoka na ndiko nilikoumia.

Kwanza, hakikisha unajua unachoomba. Wengi wetu tulipokuwa interni, "casualty" ilikuwa chumba cha kushonea vidonda na kuandikia watu rufaa. Anayepangiwa huko alionekana ameadhibiwa. Tiba ya dharura ni kitu kingine, na kwetu bado ni changa: Muhimbili ilifungua idara yake kamili ya magonjwa ya dharura mwaka 2010, MUHAS, chuo kikuu cha afya cha hapohapo Muhimbili, ikaanzisha MMed yake mwaka huohuo, na mabingwa wa kwanza wakahitimu 2013. Kwa hiyo usitegemee mjomba wako daktari wa siku nyingi akueleze kazi ilivyo. Enzi zake haikuwepo.

Omba ruhusa ukakae zamu mbili tatu kwenye idara inayofanya kazi kweli, na moja kati ya hizo iwe ya usiku. Mimi nilifanya hivyo wakati wa likizo. Saa nane usiku akaletwa kijana wa bodaboda, anaongea vizuri, analalamika bega. Mimi nikiwa bado natafuta kamba ya mashine ya presha, residenti (daktari anayesomea ubingwa) wa mwaka wa pili alishaweka kifaa cha ultrasaundi chini ya mbavu za kulia na kunionyesha mstari mweusi, mwembamba kama uzi, kati ya ini na figo. Damu. Akapiga simu kwa daktari wa upasuaji kabla presha haijashuka. Bega lenyewe halikuwa na shida yoyote. Nilirudi nyumbani asubuhi nikiwa nimeamua. Rafiki yangu mmoja alikaa zamu kama ile akaamua kinyume, akaenda kusoma magonjwa ya ngozi, na leo analala usiku wote. Amefanya uamuzi sahihi.

Vyeti. Cheti cha shahada, transkripti, cheti cha kumaliza mafunzo kwa vitendo, usajili kamili wa Baraza la Madaktari Tanganyika na leseni ya mwaka huu, siyo ya mwaka jana. Kama ulisoma nje ya nchi, utambuzi wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, uutafute mapema.

Majina. Kama cheti cha kidato cha nne kinasema hivi, cha chuo kinasema vile, na cha Baraza kimeongeza jina la babu, shughulikia leo kwa mwanasheria. Dada zangu mlioolewa katikati ya masomo, hili ni lenu zaidi.

Wadhamini wa kukuandikia barua. Mtafute aliyekuona ukifanya kazi, na umwombe miezi miwili kabla. Profesa mkubwa asiyekukumbuka atakuandikia mistari minne ambayo ingemfaa mtu yeyote.

Sasa nifike kwenye lililoniuma.

Mwaka wangu wa kwanza kuomba, nilipata. Barua ya udahili ikatoka, nikaichapa kwa rangi, mke wangu akaiweka kwenye kabati la vyombo, pale zinapokaa kadi za kliniki za watoto. Chuo kilikuwa kinafunguliwa baada ya wiki sita hivi. Nikaandika barua ya kuomba ruhusa ya masomo, nikaipeleka kwa mkono wangu ofisi ya Mkurugenzi, najiona nimewahi.

Karani wa masjala aliipokea, akaigeuza, akaniangalia kama mimi ninavyomwangalia mgonjwa aliyekuja na mguu uliovunjika wiki tatu zilizopita. "Daktari, hii haina K.K."

Kupitia kwa. Sikuwa nimeipitisha kwa Mganga Mfawidhi wala kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Nikarudi, nikaandika upya. Mganga Mkuu alikuwa semina Dodoma. Aliporudi alisaini siku hiyohiyo, Mungu ambariki, ila akaongeza mstari wa kalamu: "Napendekeza, mbadala wake apatikane." Mstari ule ulikula siku tisa, maana afisa utumishi aliuelewa kuwa mbadala apatikane kwanza. Hospitali yetu ilikuwa na madaktari watatu. Mbadala angetoka wapi?

Haya, tukalimaliza hilo. Afisa utumishi akaagiza faili langu binafsi. Likaja, jalada limekunjika pembeni, karatasi zimetobolewa na kufungwa kwa kamba. Akawa anapekua na kuhesabu folio kwa sauti, taratibu kama anayesoma tasbihi. Barua ya ajira, ipo. Barua ya kuripoti, ipo. Cheti cha ndoa, kipo. Akarudi nyuma, akaenda mbele. Akavua miwani.

"Daktari, barua ya kuthibitishwa kazini iko wapi?"

Nilikuwa nimefanya kazi miaka mitatu na miezi minne. Nimezalisha, nimefanya upasuaji wa uzazi saa kumi usiku kwa mwanga wa simu, nimekaimu Uganga Mfawidhi mara mbili. Na kumbe kiserikali nilikuwa bado niko kwenye majaribio. Nilidhani ukimaliza mwaka wa majaribio uthibitisho unakuja wenyewe, kama jino linavyoota. Haiko hivyo. Lazima mtu aanzishe, na huyo mtu ni wewe. Fomu za OPRAS, zile za tathmini ya utendaji, za mwaka wa kwanza nilijaza, za mwaka uliofuata zilikuwa droo ya chumba cha upasuaji, chini ya katalogi za nyuzi, hazina saini ya mtu.

Mtumishi ambaye hajathibitishwa hapewi ruhusa ya masomo marefu. Kikao cha kuthibitisha watumishi kilichofuata kilikuwa baada ya chuo kufunguliwa. Na hata ningekuwa nimethibitishwa, jina langu halikuwemo kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri wa mwaka huo wa fedha. Nilipouliza mpango huo ni upi, nikaonyeshwa jedwali. Ndani yake alikuwepo muuguzi mmoja, mtu wa maabara mmoja, na maofisa kilimo wawili. Watu walioenda kuuliza mapema.

Wenzangu wakanishauri: "Wewe nenda tu, barua itakufuata huko." Msikie vizuri mtu anayewaambia hivyo, kisha msimfuate. Kutokuwepo kazini bila ruhusa zaidi ya siku tano ni utoro, na utoro unafukuzisha. Namjua daktari wa wilaya nyingine aliyeondoka kwa njia hiyo. Mshahara ulisimamishwa kabla hajazoea njia ya kwenda maktaba. Akawa anafanya vibarua vya wikiendi kwenye zahanati binafsi ili alipe chumba, Jumatatu anaingia zamu akiwa hajalala, na muhula wa pili akaacha vyote viwili. Chuo hana, kazi hana.

Mimi nilibaki. Nikaandikia chuo kuomba kuahirisha, nikajibiwa niombe upya mwaka unaofuata. Barua ya rangi ilikaa kabatini mpaka mtoto akaichorea gari nyuma yake.

Kwa hiyo, fanya hivi, na ufanye mwaka mzima kabla ya kufungua tovuti ya chuo chochote. Nenda masjala, omba kwa adabu faili lako lipekuliwe ukiwepo. Barua ya kuthibitishwa ikikosekana, anza kuifuatilia wiki hiyohiyo. Tathmini za utendaji zijae. Sasa ni PEPMIS, mfumo wa kompyuta, badala ya OPRAS, na mfumo hauna droo ya kusahaulia, lakini msimamizi asiyebonyeza kuidhinisha ni yuleyule asiyesaini, kwa hiyo mkumbushe. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na mipango huandikwa miezi mingi kabla, basi mwezi wa kumi na moja uwe umeshakwenda kwa afisa utumishi kuomba jina lako liingie kwenye mpango wa mafunzo. Barua yoyote unayopeleka, kaa na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Na zungumza na Mganga Mkuu uso kwa uso kabla barua haijamfikia. Hakuna bosi anayependa kujua kwa karatasi kwamba anapoteza daktari kwa miaka mitatu.

Halafu soma mkataba utakaopewa kusaini. Kwa kawaida unakudai urudi kumtumikia mwajiri. Uliza swali hili waziwazi: nikirudi bingwa wa dharura, mtaniweka wapi? Hospitali yenye chumba kimoja cha wagonjwa wa nje, isiyo na oksijeni ya uhakika, itakufanya uandike rufaa kama zamani, tofauti ni kwamba utaziandika kwa uchungu zaidi. Lakini wapo wenzetu waliorudi wakaanza na vitanda vinne na kadi za rangi za kupanga wagonjwa, wakajenga kutoka hapo. Muhimu umwambie mwajiri mapema unachohitaji.

Kozi fupi. Kama huna chochote, anza na ile ya huduma za msingi za dharura ya Shirika la Afya Duniani, iliyotolewa 2018. Inakufundisha kumwendea mgonjwa kwa mpangilio wa ABCDE (njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu, fahamu, kisha kumfunua umkague mwili mzima), na kushughulikia majeraha, shida ya kupumua, mshtuko wa mwili na kubadilika kwa fahamu. Wengine huidharau kwa kuwa haina jina kubwa. Mimi nimewaona wenye kadi ya ACLS, ile kozi ya juu ya kuokoa mgonjwa wa moyo, wakikimbilia mashine ya moyo wakati mgonjwa ameziba koo kwa matapishi. ACLS nayo nzuri, ila kadi huisha muda baada ya miaka 2, usiilipie mapema mno.

Tasnifu. Ni MMed, utafiti haukwepeki. Njoo na swali dogo kutoka wilayani kwako, lenye takwimu zinazopatikana. Ukisubiri mwaka wa pili, kibali cha maadili kitakukuta zamu za usiku, na hapo ndipo watu wanapochelewa kuhitimu.

Pesa. Ukiwa na ruhusa, mshahara unaendelea. Posho za zamu za ziada na vibarua ulivyovizoea vinakatika, na kodi ya Dar es Salaam haiulizi. Piga hesabu ya ada, tasnifu, nauli na nyumba mbili. Mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara ukiwa bado mkubwa, fikiria kusubiri mwaka. Ufadhili wa Wizara ya Afya uombe, ila usijenge maisha yako yote juu ya jibu ambalo halijatoka.

Mnaoniuliza kuhusu Uingereza: ile ni ngazi nyingine, msichanganye. Kule mafunzo ya dharura baada ya miaka miwili ya msingi ni miaka 6, na "mafunzo ya juu" ni ile mitatu ya mwisho, ST4 hadi ST6, yaani mwaka wa nne hadi wa sita. Kuingilia hapo unahitaji MRCEM yote, mitihani ya chuo cha madaktari wa dharura cha kule, yaani mtihani wa sayansi za msingi, wa maswali ya kitabibu, na OSCE, ule wa vitendo. MMed yetu haikufanyi uwe konsaltanti kule moja kwa moja, kuna njia ya kuthibitisha uzoefu kwa lundo la nyaraka. Faida ya kujua haya mapema ni ndogo lakini ipo: anza leo kutunza kumbukumbu za wagonjwa uliowahudumia na taratibu ulizofanya, bila majina yao, ikiwa na tarehe na aliyekusimamia. Hata kama hutoki Tanzania, itakufaa. Na kama unafikiria karibu zaidi, Uganda wana programu Mbarara na Makerere, Rwanda wana yao Kigali. Ruhusa ya mwajiri inahitajika kote huko.

Nyumbani. Mwambie mwenzi wako ukweli kuhusu zamu: Idd, Krismasi, harusi ya mdogo wako. Usimwambie "miaka mitatu tu". Hiyo "tu" itakurudia.

Mengine ni ya kawaida. Picha ndogo ziwe nyingi. Ada ya maombi lipa kwa namba ya malipo ya chuo chenyewe, siyo kwa namba ya mtu aliyesema ni afisa udahili. Barua pepe iwe unayoifungua. Ukiitwa kwenye usaili usijibu kwamba unapenda "adrenalini", wamelisikia hilo mpaka limewatoka masikioni. Usiache kazi kwa hasira. Usitangaze mtandaoni umepata kabla hujasajiliwa. Mgongo ukiuma sasa hivi, tibu sasa hivi, maana kule kusimama ni kwingi. Lala unapoweza.

Na faili lako ulifuate saa mbili asubuhi. Saa nne karani anakuwa ameenda kunywa chai, na funguo za kabati anaondoka nazo.