Kona kwa kijiti au kwa kuinamisha pedi: namna ya kujipima mwenyewe

Kabla sijafungua chumba cha gemu hapa Ngamiani, Tanga, niliendesha Coaster ya Tanga–Lushoto kwa miaka tisa. Kona za kuanzia Mombo kupanda mlimani nazijua kwa mikono kuliko kwa macho. Kwa hiyo nilipoonyeshwa mara ya kwanza kwamba pedi ya PlayStation 4, yaani kile kifaa cha kuchezea unachokishika kwa mikono miwili, inaweza kuinamishwa kushoto na kulia gari likakunja, nilisema hii ndiyo ya madereva, vijiti vile vidogo vya kusukuma kwa kidole gumba tuwaachie watoto. Kona ya kwanza nikatoka nje. Ya pili nikatoka nje. Vijana wa kijiti wakanipita wote.

Ilinichukua wiki kadhaa kuelewa kilichokuwa kinanitoa barabarani. Usukani wa gari la kweli ukimaliza kona unarudi wenyewe: unalegeza viganja tu, matairi ya mbele yanajinyoosha, usukani unateleza mikononi mpaka katikati. Kijiti cha pedi nacho kina springi ndani, ukiachia kidole gumba kinarudi katikati. Pedi uliyoiinamisha hairudi popote. Hakuna kinachoivuta, lazima uinyooshe mwenyewe, na kwa kawaida unachelewa kidogo au unapitiliza. Kijiti, pamoja na udogo wake, kina tabia ya usukani ambayo pedi iliyoinamishwa haina. Kwenye kuinamisha, mwendo wa mikono ndio unaofanana na udereva. Hayo ni mambo mawili tofauti, na ndiyo maana watu wanabishana bila kufika.

Usiulize rafiki ipi bora. Jipime. Mimi natumia Gran Turismo 7, iliyotoka Machi 2022, kwa sababu inakuruhusu kuchagua kijiti au kihisi mwendo (ndiko kuinamisha) kwenye mipangilio ya pedi, na mwanzoni kabisa inakupa uchague gari la kwanza kati ya Toyota Aqua, Honda Fit na Mazda Demio. Magari ya mtaani kwetu. Chukua Demio au Aqua, usichukue gari la mashindano. Gari la polepole linakupa nafasi ya kuona mkono wako unafanya nini. Uwanja wangu wa kupimia ni Tsukuba, ule wa Japani wa kilomita 2 na ushee. Ni mfupi, una kona mbili kali za kugeuka kama unarudi ulikotoka, na mwishoni kuna kona moja ndefu ya kulia.

Ingia kwenye jaribio la muda, peke yako, bila magari mengine. Zima msaada wa usukani na wa breki kwa njia zote mbili, la sivyo utakuwa unapima gemu na si mkono wako. Zungusha mara kumi kwa kijiti. Pumzika, kunywa maji. Zungusha mara kumi kwa kuinamisha. Andika muda wa kila mzunguko kwenye daftari, kisha futa mitatu ya mwanzo ya kila upande kwa sababu hiyo ni ya kuzoea tu. Katika saba iliyobaki usitazame mzunguko bora. Tazama tofauti kati ya ule bora na ule mbaya. Mtu yeyote anaweza kubahatisha mzunguko mmoja mzuri. Mkono uliotulia unaonekana pale muda unapojirudia. Daftari langu la wiki ya kwanza lilionyesha tofauti ya chini ya sekunde moja kwa kijiti, na karibu sekunde tatu kwa kuinamisha. Baada ya mwezi ile tatu ilishuka mpaka moja na kitu. Kwa hiyo rudia kipimo baada ya wiki mbili kabla hujahukumu.

Wakati unazungusha, sikiliza kona zenyewe. Kwenye zile mbili kali kijiti kitashinda kwa wepesi: kidole kinasogea sentimita moja, gari limeshakunja. Ukiinamisha, mikono yote miwili lazima isafiri. Lakini ukifika ile kona ndefu ya mwisho, mambo yanageuka. Pale gari linataka pembe moja, ndogo, isiyobadilika, kwa sekunde kadhaa mfululizo. Jaribu kushikilia kijiti nusu ya njia kwa kidole gumba dhidi ya springi: kidole kinatetemeka, gari linakata vipande vipande, tairi zinalia. Pedi iliyoinamishwa kidogo inakaa vilevile ulivyoiweka, na gari linachora mviringo mmoja safi. Mara ya kwanza nilipolipitisha vile nilikumbuka kabisa kona moja ndefu ya kushuka Lushoto, asubuhi, abiria wamelala, usukani umetulia mkononi.

Mkao una uzito kuliko mipangilio yote. Wengi wanashika pedi hewani mbele ya kifua; dakika ishirini baadaye mabega yamepanda mpaka masikioni na pedi imeanza kulala upande. Weka viwiko juu ya mapaja. Pedi ikae usawa wa kitovu, na mbio zikianza iwe imenyooka, macho yako yakiwa kwenye skrini. Halafu chunguza kitu hiki ambacho karibu kila mgeni chumbani kwangu anakifanya bila kujua: akikanyaga mafuta kwa kidole cha kulia, pedi nzima inainama kulia. Akishika breki, inainama kushoto. Gari linayumba kwenye njia iliyonyooka na anailaumu gemu. Dawa yake ni kuishikilia pedi kwa viganja na kuacha vidole vya shahada peke yao vifanye kazi ya mafuta na breki. Fanya mazoezi gari likiwa kwenye mstari mrefu: kanyaga mpaka mwisho, achia, kanyaga, na uone kama pua ya gari inatikisika.

Watoto nawapima kwa Mario Kart 8 Deluxe ya Nintendo Switch. Pale unapochagua kigari, bonyeza kitufe cha kujumlisha, utaona chaguo la kuinamisha. Hapohapo kuna msaada wa usukani unaomzuia mchezaji kutoka barabarani, na kigari chenye msaada huo utakitambua kwa antena ndogo nyuma. Kwa mtoto wa miaka mitano uache. Kwa kulinganisha uzime, maana pia unakunyima zile cheche za zambarau zinazokuja ukiteleza kona kwa muda mrefu, na bila hizo hutajua ni kwa njia ipi mchezaji anaweza kubana mtelezo. Kama una usukani wa plastiki wa kupachikia pedi, upachike. Ndani hauna umeme wowote, kama ule uliouzwa na Mario Kart Wii mwaka 2008, lakini unaipanua mikono na mtoto anaacha kuibana pedi kwa nguvu.

Simu ni habari fupi. Inajua imeinama kwa kuhisi mvuto wa dunia unatokea upande gani. Kwa hiyo ukicheza umelala ubavu, au simu imelala mezani na unaizungusha kama sahani, itapotea. Na kwenye daladala usijipime kabisa: kila dereva anapokata kona au kupita shimo, simu inahisi na gari lako la kwenye skrini linakwenda naye.

Vijana wanaoshindana kwa pesa ya soda nawashauri kijiti, bila kusita. Ila usimfungie mtu yeyote mlango wa kuinamisha kabla hujauona mkono wake. Kuna mzee anakuja Jumamosi jioni, alifanya kazi shamba la mkonge, na kidole gumba cha kushoto kiliumizwa na korona, mashine ile ya kusaga majani ya mkonge. Hakikunji. Kwa miezi alikaa kwenye benchi akitazama wajukuu, akisema haya si yake. Siku moja nikamwambia, baba, shika hii kama sinia la chai, usiimwage. Nikamwekea Demio, nikaacha msaada wa breki, nikazima wa usukani.

Yeye simpimi kwa daftari. Nilichomfundisha ni kimoja tu, kwamba kona ikiisha lazima airudishe pedi mwenyewe, na nilimfundisha kwa mdomo: akianza kona nasema "mimina", ikiisha nasema "simamisha". Jumamosi ya nne nilikuwa nahudumia mteja mwingine nikamsikia anajisemea peke yake, taratibu, mzunguko mzima: mimina, simamisha, mimina, simamisha. Ile kona ndefu ya Tsukuba aliipita bila tairi kulia hata mara moja.