Jogoo wa elfu 85: jinsi ya kutoa sadaka bila kujidanganya

Mwaka jana sikukuu ya mavuno, ibada imeisha tukatoka nje kwenye mnada wa vitu vilivyoletwa sadaka kama kawaida, mnaujua mnada wetu, machungwa ya Muheza kwenye kiroba, nazi, mihogo, mayai ya kienyeji kwenye trei, kuku kafungwa miguu analalamika juani. Mzee wa kanisa kashika jogoo mwekundu anaita bei, elfu 15, elfu 20, mi nikasema 25 maana kwa kweli nilikuwa namtaka. Sasa kuna bwana mmoja naye anauza spea za baiskeli, duka lake liko mtaa wa pili na langu hapa Ngamiani, Tanga, akasema 30. Basi hapo habari ya jogoo ikawa imeisha, tukabaki mimi na yeye. Tukapanda, tukapanda, mpaka 85, akina mama wanapiga vigelegele, nikakabidhiwa jogoo kama nimekabidhiwa kombe. Nikamfunga kwenye keria ya baiskeli huyo narudi home, nakata tu kona ya barabara ya 9 nakutana na nani, fundi aliyenipigia plasta jikoni, ananidai elfu 40 tangu mwezi wa nne. Akanisalimia vizuri kabisa, akamtazama jogoo, akasema "hongera bosi, jogoo mzuri".

Usiku ule sikulala vizuri jamani.

Kwahiyo haya ninayoandika siyo mahubiri, mi siyo mchungaji, mi muuza cheni na matairi. Ni namna tu ninavyojitahidi kufanya tangu siku ile, kama itakufaa chukua.

Cha kwanza kabisa, kabla hujashika bahasha, lipa madeni ya watu wadogo. Sisemi mkopo wa benki wa miaka mitano, huo ukiusubiri uishe hutatoa mpaka unazikwa. Nasema fundi, dada wa kazi, mama muuza samaki aliyekukopesha kibua akakwambia "utaleta tu baba", kijana wa bodaboda. Yesu kwenye Mathayo 5 anasema ukifika madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka hapohapo, nenda kapatane naye kwanza ndo urudi. Na kwenye Marko 7 anawagombeza watu waliokuwa wanaacha kuwasaidia wazazi wao kwa kisingizio kwamba kile kitu ni korbani, yaani kishawekwa wakfu kwa Mungu. Mi siku ile nilifanya korbani ya jogoo. Elfu 40 kati ya ile 85 ilikuwa ya fundi, sadaka akatoa yeye, vigelegele nikapigiwa mimi.

Hapo ndo nilipopata kipimo changu, na sijapata kingine kizuri zaidi: sadaka iniume mimi, isimuume mwenzangu. Watu wengi tukisikia "sadaka ya kujinyima" tunawanyima wengine. Baba anaahidi mifuko 20 ya simenti mbele ya usharika, anayejinyima ni mtoto aliyerudishwa nyumbani kutoka shule kwa ajili ya mchango wa mtihani na mama anayepika maharage wiki nzima. Baba mwenyewe soda yake ya jioni iko palepale. Kwahiyo ukitaka kujua kiasi, usianze kujiuliza "nitoe shilingi ngapi", jiulize "mimi, mimi peke yangu, nitakosa nini mwezi huu". Kama jibu ni hukosi kitu, bado ni sadaka nzuri tu, Mungu haikatai, ila usiiite ya kujinyima. Kama jibu ni wanao watakosa daftari, punguza.

Wa kutusaidia hapa ni yule mjane wa Marko 12, ila nae tunamsoma haraka haraka. Alitia sarafu mbili za shaba, zile lepta, ndo zilikuwa pesa ndogo kuliko zote. Marko mwenyewe anasema mbili hizo ni sawa na kodrante moja, na dinari moja ina kodrante 64, na dinari ndo ilikuwa malipo ya kibarua kwa siku, kama kwenye ule mfano wa shamba la mizabibu. Sasa piga hesabu ya hapa kwetu, kibarua wa kubeba zege tuseme analipwa 10,000 kwa siku, gawa kwa 64 unapata shilingi 156. Yaani hata sarafu ya 200 haijafika! Na masimulizi ya Kiyahudi yanasema pale hekaluni palikuwa na masanduku 13 yenye midomo kama ya baragumu, sarafu za shaba ukizitia zinalia, kwahiyo nawaza matajiri wakipita ilikuwa ni mvua ya mabati, yeye akipita ni tik tik basi. Yesu hakuhesabu kilichoingia, alihesabu kilichobaki, na kilikuwa sifuri.

Lakini subiri, kuna mstari mmoja juu yake, wa 40, ambao huwa hausomwi siku ya changizo. Yesu alikuwa ametoka kuwasema waandishi, yaani walimu wa sheria, wanaokula nyumba za wajane na kusali sala ndefu za kujionyesha. Kwahiyo mtu akikuletea habari ya mjane ili akukamue wewe ambaye kweli huna, bibi unayeishi kwa kuuza ubuyu, mwambie kwa heshima mwalimu anza mstari wa 40. Yule mama alitoa hakuna aliyemwita jina, hakuna aliyesimama na maiki. Mimi hili naliamini na sibadilishi.

Haya, tuendelee. Amua nyumbani, usiamue kanisani. Hili peke yake litakuokoa na mengi. Paulo aliwaambia Wakorintho kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala si kwa lazima, na kukusudia kunafanyika kabla, siyo pale kwaya imepandisha pambio, kinanda kinalia, jirani yako keshanyanyuka. Sisi jumamosi usiku mi na mama watoto tunakaa mezani, tunaandika, sadaka hii, jengo hili, wagonjwa hii, tunatia kwenye bahasha tunagundisha. Ikishagundishwa haifunguliwi. Na kwenye mnada naenda na kiasi nilichokubaliana naye, simu naacha nyumbani, maana simu yenye pesa ni hatari kuliko pochi, unabonyeza tu! Mwaka huu nilienda na elfu 20, nikapata mkungu wa ndizi, yule bwana wa mtaa wa pili akachukua kuku wote. Iliniwasha kidogo, sitawadanganya.

Na usimfiche mwenzako wa ndani. Kuna watu wanadhani kutoa kwa siri maana yake mke asijue, hapana bwana. Siri ya Mathayo 6 ni kutotafuta sifa, siyo kuficha bajeti. Anania na Safira kwenye Matendo 5 walikubaliana vizuri sana mke na mume, kosa lao lilikuwa kingine, waliuza kiwanja wakabakiza pesa, afu wakaleta iliyobaki kana kwamba ndo yote. Petro akamwambia Anania kabisa kilikuwa chako, na baada ya kuuza pesa ilikuwa chini ya uwezo wako, yaani hakuna aliyekulazimisha. Wangesema "tumeleta nusu" nadhani wangekula chakula cha mchana salama badala ya kuanguka wakafa.

Sasa magrupu ya WhatsApp. Hapa ndo penye shida yetu ya siku hizi. Orodha inarushwa, 1. Mama fulani elfu 50 ahadi, 2. Baba fulani laki kash, 3, na kila mtu akijaza inarushwa tena, ukiingia asubuhi unaona jina lako halimo unajisikia kama hujavaa shati. Ushauri wangu, usijaze pale. Mtumie mtunza hazina moja kwa moja, mwambie kwa orodha aandike "mwanajumuiya", kwenye kitabu cha hesabu aandike jina lako na namba ya bahasha, maana hesabu lazima ziwe safi, kutoa sirini siyo kutoa bila risiti. Kama usharika wenu una Lipa Namba tumia hiyo. Na wewe unayeongoza grupu, weka tu jumla, "mpaka leo tumefika 1,350,000", inatosha kabisa.

Halafu hilo neno risiti halijanitoka tu mdomoni. Pale Mathayo 6 Yesu anaposema wanaopiga panda, yaani tarumbeta, mbele yao ili wasifiwe "wamekwisha kupata thawabu yao", lile neno la Kigiriki ndo lilelile walilokuwa wanaandika kwenye stakabadhi za biashara enzi hizo, maana yake nimepokea yote, sidai tena. Mi kama mtu wa duka hili lilinishika vibaya. Vile vigelegele vya jogoo vilikuwa risiti yangu. Nimelipwa, pesa na chenji, mteja aende.

Mtu ataniuliza, mbona Mathayo 5 anasema nuru yenu iangaze watu wayaone matendo yenu mema? Ndiyo, ila malizia, wamtukuze Baba. Angalia sifa zinaishia wapi, kama zinaishia kwenye shati lako jipya zimepotea njia.

Kuhusu wahubiri wa "panda mbegu upate gari" sina maneno mengi. Hiyo ni biashara, na biashara mi naijua, natia elfu 10 nategemea 13. Sadaka siyo hivo.

Ila kuna kujinyima ambako si pesa, na huko mi nilikuwa nadanganya zaidi. Vijana wa kanisa walikuwa wanazunguka vijijini na baiskeli, wakaniomba msaada, nikawapa matairi manne. Jamani, yalikuwa yale yaliyokauka na jua pale mlangoni, mpira umepasuka pembeni, hata mteja mlevi hanunui. Wakanishukuru sana, wakaniombea. Tairi moja likapasuka kabla hawajafika Pongwe. Malaki sura ya 1 inasema mnaleta mnyama kipofu, kilema, hebu mpelekee liwali wako uone kama atakupokea. Na Daudi, kwenye 2 Samweli 24, Arauna mwenye kiwanja anataka kumpa kiwanja na ng'ombe wa sadaka bure, anakataa, ananunua kwa shekeli 50 za fedha, anasema simtolei Mungu kitu kisichonigharimu. Kwahiyo sasa sheria ya dukani kwangu ni rahisi: nikitoa, natoa kwenye rafu ambayo mteja ananunua. Nguo vilevile, kabla hujampa mtu shati jiulize ungeweza kulivaa wewe jumapili. Na muda vilevile, kwenda hospitali ya Bombo kukaa na mgonjwa wa mwenzako usiku mmoja ili ndugu zake wakalale, hiyo hakuna anayekupigia makofi na asubuhi macho yanawaka moto, lakini nadhani inazidi laki ya maikrofoni.

Sasa usije ukasema basi nitasubiri moyo wangu utakate ndo nitoe. Hautakati ndugu yangu, mi nina miaka 46 bado nachungulia nani kaniona. Toa hivohivo, ila kila mara punguza watazamaji. Leo watu mia, kesho watu kumi, kesho kutwa mtu mmoja. Jipime na hili: tangazo likisomwa wakaruka jina lako, unajisikiaje? Mi walinirukaga kwenye bati za nyumba ya mtumishi, nikanuna mpaka jumatano. Nikajua kumbe zile bati nilikuwa bado nazimiliki.

Na njia ninayoipenda kuliko zote ni daftari la madeni. Ukimtumia mtu kwa simu jina lako linatokea, hakuna siri hapo. Lakini kila duka la mangi lina daftari la wanaokopa sukari na unga. Nenda, muulize kwa sauti ya chini mama fulani anadaiwa ngapi, lipa, afute, mwambie usiseme. Jirani yangu mmoja Mwislamu ndo alinifundisha, yeye hufanya hivo kabla ya mfungo, akaniambia hata kwao lipo fundisho la mkono wa kushoto usijue wa kulia umetoa nini. Nikacheka, nikamwambia basi tumesoma shule moja.

Nilijaribu mwezi wa pili, elfu 23 na mia 5, kwa ajili ya mama mmoja mjane wa mtaani kwetu. Mangi akaapa hatasema. Siku ya tatu jioni mtoto wa yule mama kaja na sahani imefunikwa kawa, ndani bokoboko la moto, "mama kasema ahsante". Tanga hii ndogo! Na mi moyo wangu ukafurahi zaidi ya ulivyotakiwa kufurahi, nilitaka nimuulize amejuaje, amemwambia nani mwingine. Mama watoto akanitazama tu akasema kula. Nikala, nikaosha sahani, nikairudisha na ndizi tatu.

Fundi nilimlipa jumatatu ile ile, kama mnauliza.