Kupanga nani aone nini kwenye data za duka

Mwongozo huu ni wa duka linaloendeshwa kwa Google Sheets, WhatsApp Business na Lipa Namba, kama yalivyo maduka mengi ya vifaa vya ujenzi hapa Tanzania. Chukulia lina mwenye mali, mhasibu, makeshia wawili na mtunza stoo.

1. Anza na kazi, majina baadaye. Chukua karatasi, andika kila kazi na data inayohitajika kuifanya. Keshia anahitaji bei ya kuuzia na idadi ya mzigo uliopo. Bei ya kununulia na mishahara havimhusu. Ukianza na majina, utampa mtu ruhusa kwa sababu ni mpwa wako au kwa sababu mmetoka naye mbali.

2. Faili zote ziwe za duka. Fungua akaunti ya Google ya biashara, na kila faili ianzishwe humo. Kwenye akaunti za kawaida za Google, keshia akitengeneza faili ya mauzo ndani ya folda uliyomshirikisha, mmiliki wa faili ni yeye, ingawa folda ni yako. Akiifuta, imekwenda. Kama zipo za namna hiyo, mwombe akuhamishie umiliki leo, nawe ukubali ombi litakapokufikia.

3. Kila mtu aingie kwa akaunti yake. Google Sheets hutunza historia ya mabadiliko pamoja na jina la aliyebadilisha. Wote wakitumia nywila moja, hesabu ikichezewa hutajua umuulize nani, na asiye na kosa atashukiwa bure.

4. Tenganisha faili, usifiche kurasa. Hapa ndipo ninapoona maduka mengi yakiteleza. Mwenye duka anaweka bei za kununulia kwenye ukurasa wa pili, anauficha, anadhani amemaliza. Mwenye ruhusa ya kuhariri anaufichua mara moja. Hata mwenye ruhusa ya kutazama tu anaweza kunakili faili nzima, kisha akaufichua kwenye nakala yake. Kufunga ukurasa usihaririwe nako kunazuia kuandika, hakuzuii kusoma. Kwa hiyo bei za kununulia ziwe na faili yake, mishahara yake, na wadeni yake. Hiyo ya wadeni itazame kwa makini zaidi: ina majina na namba za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakutaka wewe uliyezikusanya uzilinde.

5. Shirikisha kwa barua pepe ya mtu. Usiache faili wazi kwa yeyote mwenye kiungo, maana kiungo husafiri kwenye magrupu. Kisha ingia kwenye mipangilio ya kushirikisha uondoe alama mbili: inayoruhusu wahariri kumwongeza mtu mwingine, na inayoruhusu watazamaji kupakua, kuchapisha na kunakili.

6. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye kila akaunti, yaani kuingia kwa nywila pamoja na namba ya siri ya mara moja. Tumia programu ya kutoa namba za siri kuliko SMS, kwa kuwa tapeli anaweza kujifanya wewe, akapewa laini mpya yenye namba yako na kupokea SMS hizo. PIN ya Lipa Namba ibaki kwako.

7. Kagua WhatsApp. Mbali na simu ya duka, akaunti moja inaweza kuunganishwa na vifaa vinne. Aliyeiunganisha kwenye laptopu yake ataendelea kusoma oda za wateja akiwa nyumbani. Fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa, toa usichokitambua.

8. Mtu akiondoka, funga siku hiyohiyo. Mtoe kwenye kila faili ukifuata karatasi ya hatua ya kwanza, toa vifaa vyake WhatsApp, badilisha nywila ya Wi-Fi na PIN yoyote aliyowahi kuijua. Fanya hivyo hata kama mmeagana vizuri, na umweleze. Inamkinga yeye pia, kwani data ikivuja mwezi ujao hatatajwa. Aliyehamishwa kutoka kaunta kwenda stoo naye apunguziwe ruhusa za zamani kabla hajapewa mpya.